INJINI IKIZIMIKA ANGANI, RUBANI ANAFANYA NINI?



Mwezi uliopita tulifungua sanduku letu la maswali tukakuta karatasi iliyochanwa katika daftari la hesabu. Mtoto wa darasa la sita ameandika: "Ndeke ndogo inapita juu ya kambi na injini yake ni moja tu. Kama ile injini inazimika, watu wote wanakufa?" Hakuweka jina. Ameweka picha ya ndege, nzuri kabisa, yenye madirisha manne na mtu mmoja anayepunga mkono.

Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Wiki ile ile mama mmoja alifika ofisini kwetu (ofisi yenyewe ni ile meza iliyo nyuma ya maktaba) akatuambia kwamba familia yake imepata jibu la safari, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Si kwa sababu ya baridi ya huko wanakokwenda. Ni kwa sababu ya ndege. Mama huyu alikuwa Goma tarehe 15 Aprili 2008, siku ndege ya abiria iliposhindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti na kuingia kwenye nyumba na maduka ya mtaa wa Birere. Aliuona moshi kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "usiogope, mama" halafu ukaenda zako.

Ile ya Goma ilikuwa habari nyingine, ndege kubwa iliyopita mwisho wa pisti, si ndege ndogo iliyozimikiwa injini angani. Lakini hofu haichagui. Kwa hiyo tuliona tulitafute jibu la mtoto vizuri, na mama naye alisome.

Hapa kambini kuna papa mmoja ambaye siku hizi anatengeneza redio na simu. Zamani alianza masomo ya urubani. Alifikisha saa ishirini na kitu za kuruka, pesa zikaisha, na vita ikamaliza yaliyobaki. Leseni hakupata, na yeye mwenyewe alituomba tuandike hivyo, tusimpandishe cheo. Lakini somo la injini kuzimika alilifanya mara nyingi sana, kwa sababu mwanafunzi haachwi aruke peke yake kabla hajalijua. Tulikaa naye jioni tatu. Mengine tumeyatafuta vitabuni.

HAIANGUKI KAMA JIWE

Watu wengi wanawaza kwamba injini ndiyo inayoishika ndege juu, kama kamba inavyoshika ndoo kisimani. Kamba ikikatika, ndoo inakwenda chini. Sivyo. Kinachobeba ndege ni mabawa, na mabawa yanabeba kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi. Kazi ya injini ni kuipa ndege ile kasi. Ikizimika, kasi bado inaweza kupatikana kwa njia nyingine, yaani kwa kuteremka.

Wenye kutoka Kivu wataelewa haraka tukiwaambia wafikirie chukudu. Kijana anashuka na chukudu kutoka upande wa Kibumba hadi Goma, amepakia viazi au magunia ya mkaa. Chukudu haina injini wala pedali. Mteremko ndio injini yake. Hakuna anayemwonea huruma eti hana injini. Anachowaza yule kijana ni mambo mawili: mwendo wake, na wapi atasimama. Rubani aliyezimikiwa naye ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mteremko wake ni wa hewa, na una mwisho.

Ndege inayotumika sana kufundishia duniani ni Cessna 172. Ina viti vinne, injini moja mbele, na mabawa yaliyo juu ya madirisha. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 44,000, hakuna ndege nyingine iliyotengenezwa kwa wingi kama huo. Injini ya ndege hii ikizimika, rubani akishika mwendo unaotakiwa, kila mita moja inayoshuka inakwenda mbele karibu mita tisa. Tuseme iko mita 900 juu ya ardhi na hakuna upepo. Itafika mbali kiasi cha kilomita 8, na itachukua dakika kama nne kufika chini. Dakika nne ni nyingi kuliko zinavyosikika. Jaribu kukaa kimya dakika nne uone.

Ule mwendo unaotakiwa ni kama kilomita 120 kwa saa. Kila aina ya ndege ina wake, umeandikwa katika kitabu chake, na mwanafunzi anaukariri kama jina la mama yake. Ukienda polepole kuliko huo, hufiki mbali zaidi, ingawa unadhani unafika. Ukienda polepole zaidi tena, mabawa yanaacha kubeba. Hapo ndipo ndege inaanguka kweli.

Watoto wanaweza kujaribu nyumbani. Kunjeni ndege ya karatasi ya daftari. Irusheni ikiwa imeelekea mbele na chini kidogo, itateleza vizuri hadi mlangoni. Irusheni pua ikitazama juu: itapanda, itasimama, kisha itaporomoka. Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni pua.

MWALIMU ANAVUTA KIFIMBO

Sasa tuingie ndani ya ndege. Mwanafunzi anakaa kushoto, mwalimu kulia, na usukani uko pande zote mbili. Kati yao kuna kifimbo cha nguvu, kinasukumwa ndani injini ikaze na kuvutwa nje ipoe. Wako angani, hali ya hewa nzuri, mwanafunzi anatazama mashamba. Mwalimu bila kusema kitu anakivuta kile kifimbo hadi mwisho. Kelele inakatika. Propela bado inazunguka mbele, lakini haivuti tena. Mwalimu anasema: "Injini yako imezimika."

Papa yetu anakumbuka mara ya kwanza. Alikiangalia kifimbo, akamwangalia mwalimu, akakiangalia tena kifimbo. Sekunde zikapita, na mikono yake bila yeye kujua ikawa inauvuta usukani, pua inapanda, maana mtu akiogopa kwenda chini anavuta kwenda juu. Ni kama mtu anayeteleza kwenye matope anavyoshika nyasi. Mwalimu akamwuliza kwa upole: "Mwendo wako ni ngapi?" Ulikuwa umeshashuka sana.

"Siku ile nilielewa," alituambia. "Injini haikuwa shida yangu ya kwanza. Shida ya kwanza ni mikono yangu."

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni mmoja kila pahali. Kwanza rusha ndege. Halafu jua unakwenda wapi. Halafu ndipo useme na watu. Kurusha ndege maana yake shusha pua, shika ule mwendo, kisha zungusha lile gurudumu dogo la kusawazisha ili ndege ibaki hapo yenyewe bila kupigana na mikono. Mwanafunzi asiye na mwendo hafundishwi jambo la pili. Anarudishwa kwenye la kwanza hata mara kumi.

Tuongeze kwamba mwalimu hazimi injini kabisa. Anaiacha ikiunguruma taratibu, na mara kwa mara anaisukuma kidogo isije ikapoa mno. Zoezi likifika chini, mita mia moja na kitu juu ya shamba la watu, anairudishia nguvu wanapanda tena. Wakulima wa jirani na shule za urubani wamezoea, hata hawainui kichwa.

KUCHAGUA SHAMBA

Hapa ndipo tulipokaa na papa muda mrefu, na tukiri kwamba tangu jioni ile tunaitazama ardhi kwa namna nyingine.

Ndege ndogo haihitaji pisti ili itue salama. Inahitaji pahali pa wazi na pafupi kuliko watu wanavyodhani, ila pawe panafikika. Kosa la mwanafunzi mpya ni kutaka shamba zuri sana lililo mbali, akapita juu ya matatu ya wastani yaliyo chini yake. Akifika karibu anakuta mita hazitoshi. Mwalimu mzuri anamwambia achague mapema, na akishachagua asibadilishe badilishe.

Kitu cha kwanza ni upepo. Ndege inatua ikiuelekea upepo, kwa sababu upepo wa mbele unaipunguzia kasi juu ya ardhi. Lakini shambani hakuna bendera ya uwanja. Rubani anatafuta moshi. Moshi wa majiko, moshi wa shamba linalochomwa, hata vumbi la gari barabarani. Kambi kama yetu saa kumi na moja jioni, jiko karibu kila nyumba, inamwonyesha upepo vizuri kuliko chombo chochote.

Pili ni nyaya za umeme. Waya wenyewe hauonekani ukiwa juu. Kwa hiyo hatafuti waya, anatafuta nguzo, na akiona nguzo mbili anajua kuna waya kati yake hata asipouona. Barabara inavutia, imenyooka na ni ngumu, lakini mara nyingi nguzo zinaifuata, na kuna watu na magari.

Tatu ni shamba lenyewe. Kama limelimwa kwa matuta, anatua kufuata matuta, asiyakate, la sivyo gurudumu la mbele linachimba na ndege inapinduka. Mteremko ukiwepo, ni bora kutua ukipanda. Mawe hayaonekani mpaka umechelewa. Majani marefu yanaficha mashimo. Mtu aliyekulia kijijini, papa anasema, anamshinda mtoto wa mjini katika somo hili. Mtoto wa mjini anaona kijani tu. Wa kijijini anaona mihogo, anaona mtama, anaona majani ya ng'ombe, na anajua lipi kati ya hayo lina udongo mgumu chini yake.

KWA NINI IMEZIMIKA?

Mwendo upo, shamba limechaguliwa. Sasa, kama muda unaruhusu, rubani anaangalia kama injini inaweza kuwaka tena. Mkono wake unapita vifaa kwa mpango ule ule kila siku: bomba la mafuta linatoka tenki gani, mchanganyiko wa mafuta na hewa uko vipi, swichi ya magneto iko wapi, hewa ya moto ya kabureta imefunguliwa au la. Haulizi kitu kigumu. Mara nyingi sababu ni ndogo ya kuaibisha.

Kuna ndege ndogo, kwa mfano zile za Piper zenye mabawa chini, ambazo injini inanyonya tenki la kushoto au la kulia, si yote mawili pamoja. Rubani akisahau kubadilisha, tenki moja linakauka na injini inanyamaza, na lile jingine limejaa. Kuna maji pia. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tenki, kwa hiyo kabla ya kuruka rubani anatoa mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga. Petroli ya ndege hizi imetiwa rangi ya buluu. Akiona tone jeupe limekaa chini ya buluu, amekuta maji, anaendelea kutoa mpaka yaishe.

Ajabu iliyotushangaza sisi ni barafu. Injini ya moto, nchi ya joto, na barafu ndani! Lakini inatokea, hata nje kukiwa na joto la nyuzi 25, kama hewa ina unyevu mwingi. Kumbukeni mnesi anavyopaka spiriti mkononi kabla ya sindano, pale panapata baridi. Ni kwa sababu spiriti inageuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi. Petroli nayo inageuka mvuke ndani ya kabureta, tena hewa inapita kwenye koo jembamba, na joto pale linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Unyevu unaganda, unaziba koo, na injini inapungua nguvu pole pole kama mtu anayekabwa.

Dawa yake ni kuvuta kifimbo kinacholeta hewa ya moto iliyopashwa na bomba la moshi. Hapa kuna mtego. Barafu ikianza kuyeyuka, maji yanaingia injini, na injini inatetemeka vibaya kuliko mwanzo. Mwanafunzi anashtuka, anadhani ameharibu, anakirudisha kifimbo. Angesubiri sekunde chache tu, ingepona. Na inabidi akivute mapema, maana injini iliyokwisha kuzimika haina moto wa kuyeyusha kitu.

Swali moja tuliulizwa na vijana tuliokuwa tukiwasomea makala hii: betri ikifa je? Injini ya namna hii haitegemei betri. Magneto zake zinatengeneza umeme zenyewe maadamu inazunguka, na ziko mbili, na kila silinda ina plagi mbili. Moja ikifa nyingine inaendelea.

Baada ya hayo ndipo redio. Rubani anasema "Mayday" mara tatu, anasema yeye ni nani, yuko wapi, shida gani, watu wangapi. Tunaojua Kifaransa tutalisikia neno letu mle ndani: m'aider, nisaidie. Lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Frederick Mockford, mtu wa redio katika uwanja wa Croydon, London, kwa sababu ndege nyingi za pale zilikuwa zinakwenda na kurudi Paris, na lilihitajika neno ambalo Mwingereza na Mfaransa wote watalielewa. Kama hakuna wa kuongea naye kwenye masafa yake, yapo masafa ya hatari ya 121.5. Kuna na namba 7700 anayoiweka kwenye kifaa cha rada, nayo inaonekana kwenye skrini za waongozaji. Lakini redio haijawahi kubeba ndege. Kama ni kuchagua kati ya kuongea na kushika mwendo, anyamaze.

KURUDI NYUMA

Yote tuliyosema mpaka sasa ni kwa rubani aliye juu, mwenye dakika nne. Mtihani mgumu ni wa yule ambaye ndio kwanza ameruka. Yuko mita 80 au 100, injini inakata. Pisti iko nyuma yake tu, nzuri, ndefu, na kuna watu wanaomfahamu. Mbele kuna shamba la mahindi, au miti, au bonde asilolijua. Moyo unasema: geuka, rudi.

Mwanafunzi anafundishwa kukataa. Ashushe pua mara moja, bila kungoja, aende mbele, na kama ni kukwepa kitu akwepe kidogo kushoto au kulia. Mbele hapo hapo atafute palipo afadhali.

Papa alituchorea chini kwa kijiti kwa nini. Anayegeuka nusu mzunguko hajafika kwenye pisti, amefika pembeni yake, akiwa sambamba nayo. Inabidi ageuke zaidi ya hapo, kisha akunje tena upande wa pili ili ailenge. Na wakati wote huo anashuka. Tena kugeuka kwenyewe kunaongeza uzito. Akilaza mabawa nyuzi 45, ndege inakuwa kama nzito mara moja na nusu hivi, na kasi ya chini kabisa inayoweza kuibeba inapanda kwa karibu asilimia 20. Akilaza nyuzi 60, mtu wa kilo 60 anajisikia kilo 120, na kasi hiyo inapanda kwa asilimia 40. Anaona ardhi inakuja, anavuta pua, anakunja zaidi. Bawa la ndani linaacha kubeba, na ndege inageuka tumbo juu mita hamsini kutoka chini. Hata akifanikiwa kufika, upepo uliokuwa usoni sasa uko mgongoni unamsukuma. Kama ni upepo wa kilomita 20 kwa saa, anagusa ardhi na kilomita 40 zaidi kuliko angegusa akiuelekea.

Kuna urefu ambao kurudi kunawezekana. Walimu wanaujua wa ndege zao, wengine wanaufanyia mazoezi wakiwa juu sana. Lakini hesabu hiyo haifanywi wakati injini imekata. Inafanywa chini, kabla. Rubani akiwa bado kwenye pisti anasema kwa sauti: injini ikikata kabla ya kuinuka, nasimama, ikikata chini ya mita kadhaa, nakwenda mbele, pale kwenye shamba lile. Anasema hata akiwa peke yake. Uamuzi anaufanya akiwa ametulia, ili kule juu abaki na kazi ya kuutekeleza tu.

Na sasa kitu ambacho sisi wenyewe hatukutegemea. Serikali ya Australia ina ofisi inayochunguza ajali za usafiri. Ilihesabu matukio ya ndege za injini moja baada ya kuruka, kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Injini kukata kabisa: matukio 75, na hakufa mtu. Injini kupungua nguvu bila kukata, yaani inakohoa, inavuta nusu: matukio 242, na tisa kati ya hayo yaliua watu. Iliyokufa kabisa haikuua. Iliyobaki nusu hai iliua. Aliyezimikiwa kabisa hana la kujadili, anashusha pua na kutua mbele. Yule mwenye nusu injini anaona labda atafika, labda itaamka, ngoja nijaribu kurudi. Anageuka, na mwendo unamwishia kwenye kona.

Tuliposoma mahali hapa kwa sauti mezani kwetu palikuwa kimya kidogo. Wengi wetu tuna nyumba tuliyoiacha nyuma, tunajua jinsi shingo inavyogeuka yenyewe.

KUGUSA ARDHI

Mita za mwisho. Rubani anafunga mafuta, anazima magneto. Flapu za nyuma ya mabawa akishaziteremsha, anazima na umeme, maana flapu zenyewe zinatumia umeme. Moto unahitaji mafuta na cheche, kwa hiyo anaondoa vyote viwili. Mikanda inakazwa. Mlango unafunguliwa kidogo kabla ya kutua, ili ndege ikijikunja mlango usikwame. Kalamu na vitu vya ncha vinatolewa mifukoni, miwani inavuliwa na abiria.

Kisha anatua polepole iwezekanavyo, ndege ikiwa bado inabebwa. Nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo, inapanda zaidi: anayegonga na kilomita 120 ana nguvu mara mbili ya anayegonga na 85. Kama kuna miti haikwepeki, analenga katikati ya miti miwili, mabawa yagonge, chumba cha watu kipite. Ndege si yake kuiokoa tena. Chuma kinanunuliwa.

Papa alipotuambia hilo aliongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba mwalimu wake alikuwa mkali sana juu ya usafi wa ndege, hata alama ya kidole kwenye kioo alikasirika, lakini siku ya somo hili aliwaambia waivunje vipande vipande kama itawatoa wazima.

NA ZILE NDEGE KUBWA?

Hii ni ya mama yetu. Ndege za safari ndefu zina injini mbili au zaidi, na haziruhusiwi kubeba abiria mpaka ionyeshwe kwamba moja ikikata wakati wa kuruka, iliyobaki inaipandisha. Marubani wake wanafanyia hilo mazoezi kwenye mashine za chini, tena na tena, kazi yao yote.

Kukata zote kwa pamoja ni jambo la nadra sana, lakini limetokea. Tarehe 15 Januari 2009, Airbus A320 iliruka kutoka LaGuardia, New York, ikiwa na watu 155. Ikiwa chini ya mita 900 ilikutana na kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikakosa nguvu. Kapteni Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles walikuwa na dakika tatu na nusu hivi. Waongozaji wa chini walimpa pisti ya kurudia. Alifikiri, akaona hafiki, akasema hawezi, akaishusha ndege kwenye mto Hudson. Wote 155 walitoka hai. Baadaye wachunguzi walijaribu kwenye mashine: rubani aliyegeuka papo hapo aliweza kurudi, lakini walipoongeza sekunde 35 za mtu kushtuka na kufikiri, kama ilivyo kwa binadamu, ndege haikufika.

Alichofanya ni lile somo la Cessna: mwendo, pahali panapofikika, na kutogeuza shingo.

KWA VIJANA

Wameuliza wengi, tujibu kwa kifupi. Kanuni za kimataifa zinataka leseni ya rubani wa ndege binafsi isitolewe chini ya miaka 17, na saa za kuruka ni 40 kwa uchache, 35 katika shule iliyoidhinishwa. Hesabu, fizikia na Kiingereza ndizo za kushika sasa. Gharama ni kubwa, hatuwadanganyi. Lakini hesabu haina gharama, na chumba cha masomo kiko wazi hadi saa kumi na mbili.

Mama tulimsomea makala yote kabla ya kupiga chapa. Alisikiliza, hakusema kama hofu imeisha. Aliuliza tu kama abiria anaweza kuomba kiti cha dirishani. Tulimwambia anaweza kuomba. Akasema atatafuta moshi.

Na juzi sandukuni tumekuta karatasi nyingine, daftari lile lile la hesabu: "Sawa. Na helikopta haina mabawa. Yenyewe je?" Helikopta nayo ina njia yake, mapanga yake yanaendelea kuzunguka kwa hewa inayotoka chini wakati inashuka. Papa ameanza kutuchorea. Tutaiandika mwezi ujao, karatasi za kuchapia zikitosha.